Hesabu ya Kazi na Kazi Yenyewe

Binadamu hupenda kuhesabiwa jema lake. Mkulima huhesabu magunia yake mbele ya jirani, mvuvi huhesabu samaki wake mbele ya wanunuzi, na mwanafunzi huhesabu alama zake mbele ya wazazi. Kupenda huku si dhambi. Hesabu ni lugha fupi. Husema kwa neno moja jambo ambalo maelezo yangelisema kwa kurasa nzima. Lakini kila lugha fupi ina hatari yake, nayo ni kuwa msikilizaji hudhani amekwisha kusikia yote, kumbe amesikia kichwa cha habari tu. Katika insha hii nataka, msomaji, tuipime pamoja hesabu ya namna mpya ambayo vijana wengi wa siku hizi hujivunia: hesabu ya kazi ya kuandika programu za kompyuta, itundikwayo katika tovuti ya mtu binafsi ili kila apitaye aione.

Yatupasa tuijue kwanza, kwa maana si haki kuhukumu kitu kisichojulikana. Mwandishi wa programu hutunga maagizo ya kompyuta katika lugha maalumu. Maagizo hayo huitwa msimbo. Waandishi wengi wa leo huweka msimbo wao katika ghala la GitHub, lililofunguliwa mwaka 2008 na kununuliwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2018. Kila mwandishi anapokamilisha badiliko, huliandikisha ghalani pamoja na jina lake na tarehe. Tangu Januari 2013 ghala hilo huonyesha maandikisho ya mwaka mzima kwa mfano wa kalenda ya miraba midogo: safu 7 kwa siku za juma, na nguzo 53 hivi kwa majuma ya mwaka. Siku isiyo na andikisho, mraba wake hubaki mtupu. Siku yenye andikisho hupata rangi ya kijani, na kadiri maandikisho yanavyozidi ndivyo kijani kinavyokolea. Yuko pia karani mwingine, aitwaye WakaTime, aliyeanza kazi mwaka 2013. Huyu hukaa ndani ya chombo cha kuandikia msimbo, akahesabu saa na dakika za kazi, na lugha zilizotumiwa. Mwenye tovuti akipenda huzichukua takwimu hizi akazitundika katika ukurasa wake, zikawa zinajibadilisha zenyewe kila siku, kama ubao wa mabao katika uwanja wa mpira.

Sasa tuisimamishe mizani yetu mahali. Tuisimamishe Lurambi, katika Kaunti ya Kakamega, magharibi ya Kenya, kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, ambacho kilipata daraja ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Vijana wanaosomea kompyuta pale hawako mbali na mashamba ya mahindi na miwa ya Butsotso. Twaa kijana mmoja kati yao. Simtaji kwa jina, kwa kuwa walio mfano wake ni wengi. Wazazi wake ni wakulima. Hana mjomba katika afisi ya Nairobi, mji ulio mbali naye kwa zaidi ya kilomita 350. Hajapata kuajiriwa, kwa hiyo hana barua ya sifa kutoka kwa mwajiri. Aliwezalo ni kufungua tovuti yake mwenyewe, kwa gharama ndogo au bila gharama yoyote, akaandika jina lake juu, na chini yake akatundika miraba ile ya kijani na saa zile zilizohesabiwa. Ukurasa huo ndio barua yake kwa ulimwengu. Basi swali letu si mchezo: je, barua hiyo humsemea vyema, au humsaliti?

Hukumu ya haki huanza kwa kutaja wema, nao wema wa takwimu hizi ni wa namna mbili. Wema wa kwanza ni ushahidi. Mtu asiyejulikana akisema, "Mimi nina bidii," maneno yake hayana mdhamini. Lakini akionyesha kalenda ya mwaka mzima, na ikiwa kila mraba wenye rangi huweza kufunguliwa ukaonyesha badiliko lililoandikishwa siku ile, amemkabidhi msomaji ufunguo wa kuhakikisha. Desturi ya kutoa kazi kwa kujuana imewanyima riziki wengi wenye uwezo. Chombo chochote kimpacho mtoto wa mkulima nafasi ya kusema bila ya mtu wa kumshika mkono kinastahili heshima, na mwenye kukidharau bila ya kufikiri hujionyesha kuwa hajapata kusimama nje ya mlango uliofungwa.

Wema wa pili ni malezi ya nafsi. Wahenga walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba. John Resig, Mmarekani aliyetunga msimbo maarufu uitwao jQuery mwaka 2006, alieleza mwaka 2014 jinsi alivyojiwekea sharti la kuandika msimbo kila siku, kwa nusu saa walau, baada ya kuona kuwa kazi zake za pembeni hazisongi mbele alipoziachia siku za mwisho wa juma. Sharti hilo lilimfaa, na kazi zake zikaenda. Lakini angalia, msomaji, jambo alilolitilia mkazo: badiliko lile lilikuwa kwa ajili ya maisha yake mwenyewe, si kwa ajili ya kuridhisha macho ya watu wengine. Kwake yeye kalenda ilikuwa kioo cha kujitazamia. Haikuwa bango la kutazamwa. Kitu kile kile kikiondolewa chumbani kikapelekwa barabarani, kazi yake hubadilika, na hapo ndipo kasoro zake huanza kuonekana.

Kasoro ya kwanza ni kwamba takwimu hizi huhesabu mwendo, hazipimi uzito. Kibaba cha nafaka na kibaba cha makapi hujaa sawasawa. Atazamaye kwa mbali hawezi kutofautisha. Kusahihisha nukta moja katika maelezo ya programu ni andikisho moja. Kuziba tundu ambalo wezi wangelipitia kufikia siri za watu ni andikisho moja vilevile. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, msimbo ulindao siri za tovuti nyingi sana duniani. Chanzo chake kilikuwa ni kutokagua urefu wa ujumbe, na tiba yake ilikuwa mistari michache ya msimbo. Katika hesabu ya miraba, mistari hiyo michache iliyowahofisha mabenki na serikali haidai nafasi kubwa kuliko ile nukta iliyosahihishwa.

Kuna kisa kingine cha zamani kidogo. Mwaka 1982, katika kampuni ya Apple ya Marekani, wasimamizi walitaka kila mwandishi wa programu ajaze fomu kila juma, aseme ameandika mistari mingapi. Bill Atkinson, mmoja wa mafundi wao bora, alikuwa ametoka kuandika upya sehemu ya msimbo wake wa kuchorea picha. Kazi mpya ilikuwa nyepesi, ikaenda kwa kasi iliyozidi ya kwanza kiasi cha mara sita, na ilipunguza mistari kama 2,000. Alipofika penye nafasi ya kujaza hesabu, aliandika: kasoro 2,000. Baada ya majuma machache wasimamizi wakaacha kumtaka ajaze fomu. Fikiri jambo hili. Seremala hasifiwi kwa wingi wa mbao alizozimaliza, wala mshona nguo kwa urefu wa uzi aliokata. Ubora wa kazi mara nyingi ni kupunguza, na hesabu ya kuongeza haina nafasi ya kuandika upungufu ulio na faida.

Mifano haiko mbali na Lurambi. Majirani zao, Waisukha na Waidakho, wana ngoma ya Isukuti, ambayo mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na baragumu ya pembe na njuga. Mtu akikaa kando na daftari, akahesabu idadi ya mapigo ya kila mpigaji, hesabu yake yaweza kuwa sahihi kabisa, na bado asijue ni nani aliyeshika mwendo wa ngoma na ni nani aliyeuharibu. Anayejua ni yule anayecheza. Kadhalika msimbo: anayejua uzito wake ni yule anayeutumia au anayeusoma, si yule anayehesabu mapigo ya vidole.

Karani wa saa naye ana upofu wake. Huhesabu wakati ambapo mwandishi anagusa chombo chake cha kazi. Ukimya ukizidi kikomo kilichowekwa, ambacho kwa kawaida ni dakika 15, hufunga daftari. Mwandishi aliyeondoka mezani akatembea chini ya miti, akilifikiri tatizo, akarudi na jibu, kwa karani huyo hakuwa kazini. Aliyekaa mezani akifuta na kuandika jambo lile lile kwa kukosa kulielewa, huyo alikuwa kazini sana. Basi saa 40 katika tovuti ya mtu zaweza kuwa saa 40 za ustadi, na zaweza kuwa saa 40 za kupotea njia.

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Kipimo kikitundikwa hadharani, na heshima ikafungwa katika kipimo hicho, watu huacha kufanya kazi wakaanza kutengeneza hesabu. Charles Goodhart, mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, alilieleza jambo hili mwaka 1975 alipozungumzia mambo ya fedha: kipimo kilichokuwa kikiaminiwa huelekea kuvunjika mara kinapogeuzwa kuwa chombo cha kutawalia. Wanafunzi wa Kenya wameliona hili kwa macho yao. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2015, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata alama ya A. Mwaka 2016, ulinzi wa mitihani ulipokazwa, waliopata alama hiyo walikuwa 141. Hapana mwenye busara awezaye kusema kwamba akili za vijana wa nchi nzima zilipungua kiasi hicho katika miezi kumi na miwili. Hesabu ilikuwa imeshika njia yake, na elimu ilikuwa imeshika njia nyingine.

Wakulima wa miwa nao wanajua. Katika magharibi ya Kenya mkulima amezoea kulipwa kwa uzito wa miwa yake, tani kwa tani. Lakini sukari si uzito. Sukari huja kwa kukomaa. Mwezi wa Julai mwaka 2023 serikali ilisimamisha usagaji wa miwa katika viwanda vya eneo hilo, kwa sababu miwa michanga ilikuwa ikikatwa kabla ya wakati wake, ili ipate nafasi ya kukomaa. Mizani ya kiwanda haikusema uongo hata siku moja. Muwa mchanga una uzito, na mizani ilisema uzito huo. Ukweli wake ndio uliokuwa haba.

Katika ulimwengu wa programu mfano ulio wazi ulitokea Oktoba 2020. Kila mwezi wa Oktoba kampuni ya DigitalOcean huandaa jambo liitwalo Hacktoberfest, la kuwahimiza watu wasaidie kazi za msimbo ulio wazi kwa wote. Wakati ule aliyetimiza michango 4 aliweza kupata fulana. Nia ilikuwa njema, lakini mwaka ule watu wengi walifurika katika maghala ya wenzao wakiomba kuingiza mabadiliko yasiyo na maana, kama kuongeza neno moja la sifa katika maelezo ya kazi ya mtu. Walezi wa maghala hayo, ambao wengi wao hufanya kazi bila malipo, waligeuka wafagizi wa takataka. Katika siku za kwanza za mwezi ule ule waandalizi walilazimika kubadilisha kanuni, ili zihesabiwe kazi zile tu ambazo wenyewe wamekubali kushiriki. Ikiwa fulana moja iliweza kuleta mafuriko hayo, ajira italeta nini?

Tena miraba yenyewe ni rahisi kughushiwa. Tarehe ya andikisho hutoka katika kompyuta ya mwandishi, naye anaweza kuibadilisha. Zipo programu ndogo zilizotungwa makusudi ili kupaka miraba hiyo rangi kwa namna itakiwayo, hata ikasomeka maneno au ikaonekana picha. Mwenye kufanya hivyo kwa mzaha hana kosa kubwa. Lakini jambo liwezalo kuchorwa kwa mzaha haliwezi kutegemewa kwa dhati, na kijana mwaminifu wa Lurambi hujikuta amesimama katika safu moja na mlaghai, wote wawili wamevaa kijani, wala hakuna katika kijani hicho kinachowatenga.

Kasoro ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa humdhulumu hasa yule aliyehitaji msaada. Miraba mitupu haisemi ilikuwa mitupu kwa sababu gani. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulizimika usiku karibu katika Kenya nzima. Aliyekuwa na jenereta au betri kubwa aliendelea na kazi. Asiyekuwa nayo alilala gizani, na mraba wake ukabaki mtupu. Vivyo hivyo kwa siku ambayo fedha ya kununua intaneti ilikwenda kununua unga, kwa juma la palizi ambalo kila mkono wa nyumba ulihitajika shambani, na kwa siku za matanga ambazo mwana wa ukoo hawezi kukosa. Siku hizi zote, machoni pa mtu aliye mbali, hufanana na siku za uvivu. Kijana wa mji wenye umeme usiokatika, ambaye hakuna anayemwita shambani, huonekana mwenye bidii kuliko yule aliyepanda mlima huku amebeba mzigo.

Hata penye kazi nyingi hesabu huweza kunyamaza. Badiliko lililowekwa katika tawi la pembeni halihesabiwi mpaka lichanganywe na shina. Kazi iliyofanywa kwa siri kwa ajili ya mwajiri haionekani mpaka mwenyewe aruhusu ihesabiwe, na akiruhusu huonekana idadi tu. Zaidi ya hayo, ukolevu wa rangi hupimwa kwa kulinganisha siku za mtu na siku zake mwenyewe. Kijani kizito cha mtu mmoja chaweza kuwa ni maandikisho machache, na kijani kizito cha mwingine kikawa ni mengi. Ajaribuye kuwalinganisha wawili hao kwa macho hulinganisha vitu visivyo na kipimo kimoja. Wenye GitHub wenyewe, mwaka 2016, waliondoa katika kurasa za watu ile hesabu ya mfululizo wa siku bila kukosa. Mashine ikilaumu pumziko, mtu hujifunza kuliogopa, na aliyechoka huandika msimbo mbovu.

Sasa tuutazame ukurasa wenyewe kama utungo, kwa maana tovuti ya mtu ni utungo kama ilivyo barua au wasifu, na mhakiki ana haki ya kuuliza kama umetungwa vyema. Kwa sura, miraba ya kijani hupendeza. Ina utaratibu wa mkeka uliosukwa vizuri, na jicho hulipenda jambo lenye utaratibu. Kwa maana, lakini, ni utungo usio na kitenzi chenye shamirisho. Husema, "Nilifanya, nilifanya, nilifanya," lakini hausemi nilifanya nini, wala kwa nani, wala kulitoka nini. Fikiri, msomaji, umepewa kitabu cha maisha ya mtu mashuhuri, ukakuta kila ukurasa umeandikwa saa alizoamka na saa alizolala. Hungalikuta uongo ndani yake, wala hungalimjua mtu huyo. Uchache wa maneno ni sifa ya shairi, lakini shairi huacha maneno ili maana ipate nafasi. Takwimu hizi huacha maana ili hesabu ipate nafasi.

Je, kijana wetu azing'oe? La. Mhakiki abomoaye pasipo kuonyesha pa kujenga amefanya nusu ya kazi. Namshauri azishushe chini ya ukurasa, katika nafasi ya tanbihi, na pale juu aweke kazi yenyewe. Achague moja, mbili au tatu alizozimaliza. Kwa kila moja aeleze mambo manne kwa lugha nyepesi: tatizo lilikuwa la nani, alijaribu nini, ni lipi lililoshindikana, na kwa nini, na leo ni nani anayeitumia. Tuseme ametunga programu ya kuandikisha vitabu vinavyoazimwa katika maktaba ya shule moja ya kijijini. Aeleze jinsi mwalimu wa maktaba alivyokuwa akiandika katika daftari, jinsi programu ya kwanza ilivyokufa kila umeme ulipokatika, na jinsi alivyoirekebisha ikaweza kufanya kazi bila intaneti na kuhifadhi habari zake hadi umeme urudi. Maelezo hayo hayazidi kurasa mbili, na mwajiri wa Nairobi akiyasoma atajua mambo ambayo miraba 365 haiwezi kumwambia: kwamba huyu husikiliza watu, hutambua anaposhindwa, na hugeuza shida za mahali pake zikawa elimu. Siku ambazo umeme ulizimika, zilizomwaibisha katika kalenda, hapa zimekuwa sifa yake.

Katika Kenya tunao mfano mkubwa wa kazi iliyojulikana kwa kufaa kwake. Januari 2008, nchi ilipokuwa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu wachache, wakiwamo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walianzisha tovuti waliyoiita Ushahidi. Raia aliyeona jambo aliweza kupeleka habari zake, zikawekwa katika ramani ili wengine wajue. Iliundwa kwa haraka, kwa kuwa hatari haikungoja. Msimbo wake ulifunguliwa kwa wote, na tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti mwaka 2010 ulitumiwa huko kukusanya habari za wahitaji. Yeyote aitajaye kazi ile leo hataji saa zilizotumika wala idadi ya maandikisho. Hutaja lililotendeka. Jina lake lenyewe latufundisha: ushahidi ni neno la mtu aliyeona kitu na kukieleza, nalo huweza kuulizwa maswali likajibu. Hesabu tupu huulizwa swali ikarudia hesabu.

Nawe, msomaji, ambaye huenda hujaandika hata mstari mmoja wa msimbo, usidhani kuwa shauri hili halikuhusu. Una daftari lako la alama, una orodha ya vitabu ulivyovisoma, na pengine una hesabu ya kurasa ulizozifunua kila usiku. Vitunze, kwa kuwa mtu asiyejipima hupotea bila kujua. Lakini atakapokuja mtu na kukuuliza unajua nini, usimpe daftari ukanyamaza. Chukua kitabu kimoja kati ya vile, umweleze kilichomo, mahali ulipokubaliana nacho na mahali ulipokataa. Wahenga walikwisha kutuambia kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakusema kuwa chema hukaa sandukuni. Huwekwa penye mwanga, kikafunuliwa, na mnunuzi akaachwa akishike kwa mkono wake. Kijana wa Lurambi na aiweke kazi yake hivyo. Atakayetaka kujua ilichukua siku ngapi, tanbihi ipo chini ya ukurasa.